Mwalimu Chapati na Kigingi Chekundu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni sababu ya kuomba radhi. Nimezaliwa kambini. Baba alikuwa sajini aliyeletwa Kasese, magharibi mwa Uganda, kutoka kaskazini akaoa hapo hapo, na kazi yake kubwa maishani ilikuwa kusimama langoni na kuuliza watu "Nani huyo?" hata wale aliokunywa nao chai asubuhi. Nyumbani alituuliza vilevile. Tukirudi kutoka bombani, kabla hatujatua madumu, anauliza: mmetoka wapi, mmepita na nani, nani amewaona? Mama, Mkonzo wa mlimani, alikuwa akicheka na kusema kwamba mumewe hata mvua ataiomba kitambulisho. Baba alikufa akiwa bado ananusa kikombe kabla ya kunywa. Pua hiyo nimeirithi mimi. Mdogo wangu wa kiume, wa pili na wa mwisho, alirithi kicheko cha mama, na tangu utoto aliamini kila alichoambiwa.

Leo nina cherehani yangu katika soko la Kasese, nashona sare za shule. Fundi asiyeshuku hafiki mbali. Mteja atakuambia, "Bana hapo, mimi nitapungua," nami naacha kitambaa cha ziada kwa ndani, kwa kuwa sijawahi kumwona aliyepungua. Wanawake wa vijijini hupenda kuniletea kamba: wamempima mtoto nyumbani, fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la goti, wanataka nishone kwa kamba hiyo. Mimi sipokei kamba. Nataka mtoto mwenyewe asimame mbele yangu. Nampima, nampima tena, ndipo nachukua mkasi.

Kwa hiyo dereva mmoja wa teksi aliponiambia kwamba mdogo wangu, mwalimu wa sayansi katika shule moja ya msingi kule Bwera, mpakani na Congo, amewafundisha watoto kuwa dunia ni bapa na graviti haipo, nilimshuku dereva kwanza. Nilidhani ana lake. Kisha nikampigia mdogo wangu simu.

"Dada, ni kweli," akasema.

"Kweli umesema, ama kweli ni bapa?"

"Yote mbili."

Watoto, wasiochelewa kamwe katika mambo kama haya, walikuwa wameshampa jina: Mwalimu Chapati. Ningecheka, lakini mkuu wa shule hakucheka. Alimwambia kwamba Jumamosi kuna mkutano wa wazazi. Atasimama mbele yao aseme dunia ni mviringo na graviti ipo, au afungashe virago siku hiyo hiyo. Wazazi wa Bwera watamvumilia mwalimu mlevi, hata mtoro, lakini si mwalimu anayechezea mtihani wa watoto wao.

"Na ukikataa?" nikamuuliza.

"Nitavuka daraja tu. Nitaenda Congo. Huko hakuna mtu ananijua."

Wazazi wetu wote wawili wako chini ya ardhi. Nimebaki na huyo mmoja, na ninajua wanaovuka daraja la Mpondwe kwa hasira: simu yao inaita wiki ya kwanza, kisha haiiti tena. Nilifunga cherehani siku iliyofuata nikaenda Bwera.

Njiani nilikuwa namtafuta mchawi. Nani amemshitaki kwa mkuu? Nani amemtia maneno haya? Mwalimu mwenzake anayetaka nafasi yake? Kisha nikakumbuka mtu mmoja, na damu ikanichemka. Mwanamke huyo alikuwa jirani wa mama kule Kasese, kando ya mto. Baada ya mafuriko alirudi kwao Bwera, na mjukuu wake anasoma katika shule hiyo hiyo.

Lazima nieleze habari ya mafuriko, ingawa sipendi. Nyumba ya mama ilikuwa karibu na mto unaotoka milimani. Mwaka mmoja kabla, alikuja kijana wa vipimo na chombo chake cha miguu mitatu. Alichungulia, akaandika, akapiga vigingi vyenye rangi nyekundu kando ya mto. Aliye chini ya kigingi ahame, aliye juu akae kwa amani, maji hayawezi kufika. Sijui alitumwa na nani. Mimi nilimuuliza amepimaje mto ambao haujajaa bado, akaniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi. Mdogo wangu, aliyekuwa anafundisha Kasese wakati huo na kuishi na mama, alimletea kiti na chai, akamuuliza maswali ya kitaalamu hadi jioni. Nyumba ya mama ilikuwa hatua chache juu ya kigingi.

Mto ulikuja mchana. Mjini jua lilikuwa linawaka, nguo zimeanikwa, wala tone la mvua halijaanguka. Mvua ilikuwa imenyesha kule juu, na mto ukashuka na mawe makubwa kama vibanda. Majirani wote wa safu ile walikimbia. Mama hakukimbia. Tulimpata siku ya pili.

Huyo jirani aliniambia, "Nilimwita, akakataa kutoka." Sikumwamini siku hiyo na sikumwamini baadaye. Mama hakuwa mkaidi. Mama akiambiwa kuna nyoka hukimbia kwanza, kisha ndiyo huuliza ni nyoka gani. Nikajua tu kwamba mwanamke yule alikimbia na roho yake akamsahau mwenzake, kisha akatunga hadithi. Tangu hapo sikumpa salamu. Mwaka jana alikuja sokoni kwangu na kamba ya kumshonea mjukuu, na nikamwambia mbele ya watu kwamba sipokei kamba, hasa ya kwake. Aliikunja akaondoka bila kunijibu. Hata kule kutojibu kwake nilikuona kama ushahidi.

Mdogo wangu nilimkuta katika chumba chake cha shule. Amekonda. Mezani kulikuwa na simu inayochajiwa, na ndani ya simu mzungu mmoja anaeleza kwa sauti ya upole kwamba sote tumedanganywa. Dirisha lilizuiwa na kijiti. Nilipokaribia nikaona ni kigingi, chenye rangi nyekundu iliyobanduka.

"Hiki umetoa wapi?"

"Inazuia dirisha," akasema. Hilo halikuwa jibu, na mtoto wa sajini hujua swali lake linapokwepwa. Lakini nilikuwa nimekuja kwa dunia, si kwa dirisha. Nikaacha.

Tulibishana hadi chai ikapoa. Alisema kama dunia ingekuwa mviringo na inazunguka, Ziwa George lingemwagika, wavuvi wa Kahendero pale kando yake wangeokota samaki barabarani. Nikamwambia, tazama hapo mpakani: ukivuka daraja, Congo wako nyuma yetu kwa saa nzima. Kwa nini, kama si jua linawachelewa?

"Hiyo ni serikali, dada. Serikali ikisema ni saa nane, ni saa nane. Jua wewe ulipima?"

"Na parachichi? Mbona haliendi juu?"

"Parachichi ni nzito kuliko hewa. Kitu nzito iko chini, kitu nyepesi iko juu. Basi. Graviti ni neno ya kutisha watoto."

Akasema hayo akijaza birika kwenye bomba la uani. Maji ya bomba hilo yanatoka mlimani kwa bomba refu bila pampu, na Bwera nzima huyaita maji ya graviti. Nilimtazama akijaza birika hadi juu, nikafunga mdomo. Ukishindana na mtu aliyekonda unaonekana mkatili.

Kilichonitia shaka ni kwamba hakuwa na furaha. Nimeona watu waliookoka, nimeona waliojiunga na biashara za kuuziana sabuni, wote huwaka macho wakikueleza. Huyu alieleza huku akitazama sakafu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, lakini sikujua ni nguo gani.

Kesho yake nikamwambia anisindikize hadi Kikorongo, maana nilikuwa na mpango. Karibu na njia panda ya hapo, barabara inapokata Ikweta, kuna duara la saruji ambapo watalii hupigwa picha. Huwa kuna mtu hapo mwenye beseni lenye tundu. Anaonyesha kwamba upande wa Kasese maji yakishuka tunduni huzunguka huku, na upande wa Katunguru huzunguka kule, na hiyo ndiyo alama ya dunia kuzunguka. Niliwahi kumwona mara moja nikiwa ndani ya basi. Nikasema: huyu ataniokolea ndugu yangu.

Mwenye beseni alifurahi kutuona, kwa kuwa watalii hawakuwepo. Akaziba tundu kwa kidole, akamimina maji, akaweka ua dogo la manjano juu yake, akatoa kidole. Ua likazunguka vizuri kuelekea kulia. Tukavuka mstari. Akamimina tena, ua likazunguka kushoto. Mdogo wangu akakunja uso. Mimi nilikuwa karibu kupiga makofi, isipokuwa nina ugonjwa wa kutazama mikono ya watu.

"Mzee, rudia," nikasema. "Na safari hii umimine polepole."

Akarudia. Nikaona. Upande mmoja alimimina maji kutoka ukingo wa kulia wa beseni, upande wa pili kutoka ukingo wa kushoto. Maji yalikuwa yanazunguka tayari kabla hajatoa kidole. Nikamwomba beseni. Akasita, akasema ni la kazi. Nikalichukua. Nikamimina katikati, nikangoja maji yatulie kabisa, nikatoa kidole. Ua likasimama pale pale, likashuka na maji taratibu hadi tunduni bila kuzunguka kokote. Nikaenda upande wa pili, ikawa hivyo hivyo.

"Mama, wewe unaharibu kazi ya watu," mwenye beseni akaninong'oneza, na kusema kweli nilimhurumia kidogo. Lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Nimemleta ndugu yangu kwa shahidi, shahidi ni mwongo.

Mdogo wangu alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Unaona, dada? Mtu ya kupima ni hivyo. Anakuonyesha, unaamini, kumbe ni mkono yake."

Nilikasirika kwa kushindwa, na maneno yakanitoka bila kupimwa. "Sawa, maji hayakuzunguka. Lakini yalishuka, au hukuona? Upande ule yalishuka, upande huu yalishuka. Nani aliyasukuma?"

Tabasamu likamwisha. Akalitazama beseni, midomo yake imekuwa na rangi ya majivu. Nilidhani ataanguka, nikamshika mkono. Akautoa.

"Nenda nyumbani, dada," akasema. Akapanda lori lililokuwa linaelekea Mpondwe, bila hata kula muhogo niliokuwa nimeununua kwa ajili yetu wawili.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimemwuliza jambo la kitoto, analolijua kila mtoto wa darasa la pili, naye akaumia kana kwamba nimemchoma. Nilishuku kuwa ni mgonjwa. Nilishuku pia kuwa ameshapanga kuvuka. Jumamosi nilipanda gari la kwanza.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa kanisa jirani na shule. Wazazi walijaa, wengine wamesimama madirishani, na niliona wazi kwamba hawakuja kwa habari ya uji wa wanafunzi. Katika benchi la mbele alikaa yule mwanamke, na kitenge chake cha kijani, mikono mapajani. Nikasema moyoni: ndiyo huyo. Alimmaliza mama, sasa amekuja kummaliza mtoto. Nikakaa nyuma yake, mahali ambapo ningemwona akifungua mdomo tu.

Mkuu wa shule hakuzunguka mbuyu. "Mwalimu, simama. Wazazi wanataka kusikia. Dunia ni mviringo, ama si mviringo? Graviti iko, ama haiko? Jibu, tuendelee na kazi."

Mdogo wangu akasimama. Mkononi alikuwa na kile kigingi. Nyuma watoto wakubwa walioruhusiwa kuingia wakacheka, mmoja akasema "Chapati", akanyamazishwa.

"Habari ya dunia yote mimi sijapima," akaanza. "Nitajibu ya graviti. Kwetu Kasese, kuna mtu alikuja kupima mto. Akapiga hii kigingi, akasema maji haiwezi pita hapa. Mimi nikaamini. Ile siku maji ilikuja, mama alinipigia simu. Nilikuwa darasani. Akauliza, 'Mwanangu, watu wanakimbia, mimi nitoke?' Nikamwambia, 'Mama, baki. Wewe iko juu ya kigingi.' Nikakata simu, nikarudi kwa ubao."

Mimi nilishika mgongo wa benchi la mbele yangu.

"Wazazi, mnajua saa ile nilikuwa nafundisha nini? Nilikuwa nafundisha graviti. Nilikuwa nasema, watoto, kitu yote inashuka. Maji ikiwa juu itashuka, haiombi mtu ruhusa. Niliandika kwa mkono yangu." Akakigeuza kigingi mkononi. "Sasa, kama graviti iko, mimi nilijua. Nilijua, na nikasema abaki. Lakini kama haiko, hakuna mtu angejua. Siku moja simu ikanionyesha watu wanasema haiko. Nikafurahi sana. Ndiyo sababu niliambia watoto. Mnisamehe."

Akanyoosha mkono, akaachia kigingi. Kikaanguka sakafuni, kikagongagonga, kikatulia miguuni pa mkuu wa shule.

"Iko," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi, na ninawashukuru. Nilitaka kwenda kumshika na nilitaka kumpiga kofi, vyote kwa wakati mmoja, nikabaki pale pale kwenye benchi. Miaka yote nilikuwa nalinda lango, kumbe jambo lenyewe liko ndani, linakula sahani moja nami.

Ndipo yule mwanamke akasimama. Nikajua sasa atasema, na safari hii ana haki.

"Mwalimu mkubwa," akamwambia mkuu, "uyu mutoto abakie na kazi yake. Mwalimu mwenye amejua namna maji inashuka, atachunga batoto yetu. Ata ile darasa ya chini iko karibu na mto, umusikie yeye, uihamishe." Wazazi wakaguna kukubali. Kisha akageuka nyuma, akanitazama mimi, na kusema polepole, kana kwamba tuko wawili tu. "Ile siku nilivuta mama yako na mukono. Akanionyesha telefone. Akasema, 'Mutoto amesema nibakie, na yeye ni mwalimu.' Nikamuvuta tena, akakatala. Nikakimbia."

"Ulijua?" nikamuuliza. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini na mutoto ya mama yako? Ulikuwa unatafuta mutu wa kuchukia. Nikasema, basi achukie mimi. Mimi niko jirani tu."

Nililia mbele ya wazazi wa shule nzima, mimi ambaye watu wa soko wanasema nina roho ya pasi baridi. Mkuu wa shule alikohoa, akamwambia mdogo wangu kwamba Jumatatu kuna kipindi cha kwanza, asichelewe. Kisha wakaanza kuongea habari ya uji.

Nje, mdogo wangu alikuja akasimama karibu yangu, si karibu sana. Nisingependa kudanganya kwamba nilimsamehe hapo hapo. Nilimwambia tu asivuke daraja. Akasema havuki.

Yule mama alikuwa anajitayarisha kuondoka. Nikamfuata, nikamsalimia kwa Kikonzo kama mama alivyotufundisha kumsalimia mtu mzima. Akaitikia kama vile tumeonana jana. Nikamuuliza kuhusu mjukuu wake, aje nimpime sare.

"Mutoto iko na homa, hawezi fika Kasese," akasema. "Na wewe haupokeake kamba."

"Nipe kamba," nikamwambia.

Akaifuata kwake, akaniletea, ile ile ya mwaka jana, ila fundo la goti amelisogeza kwa sababu mtoto amekua. Niliiweka juu ya meza yangu sokoni, nikachukua mkasi, nikakata bila kumwona mtoto.